Tangi Lililopewa Miji

Jumanne moja ya mwaka 1966, Bi Mwanaesha alisimama juu ya kibao chake katika kiwanda cha maziwa cha Tudor, Mombasa, kipimajoto mkononi, akingoja tangi lifike digrii mia moja arubaini na tano za Farenhaiti. Likifika hapo, maziwa hukaa nusu saa kamili ndipo vijidudu vife. Kazi hiyo aliipenda, maana chupa zile zilifika hadi mtaa wa Kuze, nyumbani kwake, na mjukuu wake Nana, miaka minne, tumbo lake lilikuwa jepesi kuchafuka.

Taabu ilikuwa saa ya ukutani. Bwana Gharib, mwenye kiwanda, aliileta mwenyewe, nayo ilikwenda mbio: nusu saa yake ni robo saa ya walimwengu. Chupa zikitoka mapema, mahoteli hufurahi. Bi Mwanaesha alimwambia mara tatu, na mara tatu akajibiwa, "Bibi, saa si ile? Ikisema nusu, ni nusu."

Siku hiyo tangi likakohoa mvuke, likasema, "Kitendawili!"

"Tega," akaitika Bi Mwanaesha, kwani si adabu kunyamaza.

"Si wewe, mama. Namtaka bwana mkubwa."

Charo, mchochea moto, akaenda kumwita. Bwana Gharib akaja na kikombe chake cha kahawa, akaitika vizuri tu.

"Mbio napiga, ukutani sitoki," likatega tangi.

Waosha chupa wakafunga mifereji wasikize. Jibu kila mtu alikuwa nalo mdomoni. Bi Mwanaesha akawaza: bwana akishaitaja saa kwa ulimi wake, ataachaje kuitengeneza? Bwana Gharib akainua macho ukutani, akayashusha.

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

"Nakupa Malindi."

Kwa desturi, mwenye kupewa mji hujigamba kidogo, kisha akatoa jibu. Tangi hili lilikuwa na haya, jibu halikulitoa. "Nimekwenda Malindi," likasema, "wamenikirimu halua, wakaniuliza habari zako. Nikaona aibu kuwaambia. Nitakutegea hicho hicho tena kesho."

Alhamisi tarishi akaleta barua, juu imeandikwa *Kwa Mheshimiwa Tangi, Mwenye Malindi*. Watu wa huko walilalamikia mtaro wa sokoni ulioziba. Tangi likasema, Charo akaandika: uzibueni, utieni chokaa. Wakazibua, wakatia chokaa, wakaleta shukurani na kikapu cha maembe.

Bwana Gharib akaendelea kushindwa kila asubuhi. Akatoa Takaungu, akatoa Vanga, akatoa Lamu. Juma la tatu akanunua ramani.

"Charo, kwenu kuna mji gani?"

"Kaloleni, bwana. Lakini huo usiutoe, mamangu yuko huko."

Akautoa. Mama yake Charo, Bi Kache, akatuma salamu kuwa wote wazima, na mwenye mji mpya hana makuu.

Mwisho ramani ikaisha. Bwana Gharib akafuta jasho. "Nakupa Mombasa."

Waosha chupa wakapiga vigelegele. Bi Mwanaesha akashuka kwenye kibao, akalitengeza buibui lake.

"Sasa sisi sote watu wako," akaliambia tangi. "Toa amri saa ile itengenezwe."

Tangi likafikiri kwa mvuke. "Siwezi, mama. Nimepewa mji, sikupewa kiwanda. Ukuta ule ni wa Gharib. Lakini majiko ya mji ni yangu. Kila nyumba na iyachemshe tena maziwa, nusu saa ya kweli."

Alasiri ile Kuze nzima ilinuka maziwa ya moto. Kule Tudor saa ilizidi kupiga mbio, na Bwana Gharib, ambaye asubuhi itamkuta hana mji wa kutoa, alikuwa ameagiza ramani ya Tanzania.

Bi Mwanaesha hakuwa na saa nyumbani. Nusu saa aliipima kwa vitendawili: ishirini na vinne, akitega polepole, huku akikoroga. Nana alishindwa vyote, akicheka.

"Haya, nipe mji."

"Nakupa Mombasa, nyanya!"

"Huo una mwenyewe, mwanangu," akasema Bi Mwanaesha, akaepua sufuria. "Nipe mwengine."