Sumaku ya Wifi

Mume wangu namwita Itakuwaje, na hanuni, maana anajua jina limemkaa. Mawingu yakikusanyika, itakuwaje? Mteja asipopokea simu, itakuwaje? Mtoto wetu akikohoa kidogo, yeye kichwani ameshamlaza hospitali. Dada yake, yaani wifi yangu, hana wasiwasi wa kila kitu. Anao mmoja tu, nao unamtosha: kwamba amesahau pini ndani ya nguo na mtoto wa watu atachomwa.

Tunashona sare za shule, watatu katika chumba kimoja. Wifi anakata na kushona, mimi napiga pasi, mume wangu anapeleka mzigo. Kila nguo ikiisha, wifi huipitishia sumaku kutafuta pini. Ni utaratibu mzuri, mafundi wengine wangeuiga. Tatizo, akimaliza anaanza upya, kisha anafumua pindo achungulie ndani, kisha ananigeukia: "Wifi, una hakika hakuna kitu?" Nami namjibu, "Hakuna, nakuapia," ili nipate amani. Amani yenyewe haidumu hata pasi kupoa.

Tulichelewesha mzigo, tukachelewesha na mwingine, hadi mwalimu mkuu akatuambia bila kupepesa macho: mkichelewa tena, natafuta fundi mwingine. Shule ile ndiyo inayotulisha.

Wifi akaenda kwa mshauri wa kliniki, nikamsindikiza. Mshauri akanikanya mimi! Alisema kila ninapomwapia, hofu yake inashiba kwa muda tu, halafu inarudi na njaa zaidi. Nguo ikaguliwe mara moja tu, bila kurudia, ifungwe. Akiuliza, nimjibu "huenda", basi. Nilimchukia mama yule njia nzima ya kurudi.

Mume wangu aliposikia alicheka hadi akashika mbavu. "Dada, wewe unaogopa vitu ambavyo havipo. Mimi hofu zangu zina maana."

"Kama ile ya kikohozi," wifi akamjibu.

Siku ya kupeleka ilipofika, wifi alikagua kila nguo mara moja na kufunga mabunda, jasho likimtoka. "Wifi, una hakika?"

"Huenda ipo, huenda haipo," nikasema. Iliniuma, maana alinitazama kama niliyemnyima maji ya kunywa. Akanawa uso, akatafuta sumaku aifungie kabatini. Hakuiona.

Tukatoka nje. Gari linanguruma, muda unayoyoma, na mume wangu yuko kule nyuma, amefungua bunda, anapitisha sumaku kwenye sketi.

"Unafanya nini wewe?"

"Naangalia tu. Wakikuta pini watatuacha. Wakituacha, kodi itakuwaje? Mtoto atasoma wapi?" Akaona nimekunja uso. "Mara moja tu, nitulie."

Nilitaka kumtolea uvivu, wifi akaniwahi. Alipanda, akaketi kando yake juu ya bunda.

"Ukimaliza utatulia?"

"Nitatulia."

"Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo." Akamnyooshea kiganja. "Nipe."

"Na kama ipo, dada?"

"Huenda ipo." Hakukirudisha kiganja. "Nipe, tunachelewa."

Akampa. Wifi akanikabidhi mimi. "Kaa nayo wewe. Mimi sijiamini."

Tulifika shuleni kengele ikilia. Mwalimu mkuu aliangalia saa, akaridhika. "Mmezikagua?"

"Mara moja," wifi akasema.

Mwalimu hakuona ajabu yoyote katika jibu hilo. Akamwita msichana mmoja ajaribu sketi. Msichana akaivaa juu ya nguo yake, akazunguka, kisha akasimama ghafla na kupeleka mkono kiunoni, akijikuna.

Mume wangu alinigeukia. Wifi alifumba macho, akayafumbua, wala hakusogea.

Aliyepiga hatua mbele ni mimi, mkono tayari uko ndani ya mkoba, umeshika sumaku. Wifi akanishika kiwiko.

"Wifi," akaninong'oneza, "huenda anawashwa tu."