Wembe wa Baba Mkwe

Wembe ulikuwa umelala juu ya gazeti, kutu imeutambalia tangu ncha hadi kwenye mpini, na Injinia aliutazama kama anavyotazamwa mwombaji aliyegonga mlango wakati wa chakula. Ulikuwa wembe wa kukunja wa baba mkwe wake, kinyozi mstaafu, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka na ndevu zimemjaa. Mzee alikataa mashine, akakataa nyembe za dukani, na sasa alikataa hata kutoka chumbani. Mtu aliyewanyoa wenzake miaka arobaini hakutaka kuonekana vile.

"Kipande cha chuma tu hiki," Injinia akamwambia mkewe. "Nipe saa moja."

"Hujawahi kunoa wembe. Na baba hana mwingine."

"Nimejenga madaraja, mama watoto. Kazi ya kinyozi itanishinda?"

Mkewe akarudi jikoni. Miaka ishirini na miwili Injinia aliwaambia rafiki zake kwamba baba mkwe wake alikuwa "mtu wa afya", asiseme kinyozi, na siku ya harusi alimkalisha nyuma ya nguzo. Kinyozi kwake alikuwa mshika vichwa na mbeba umbea, basi.

Akaketi uani, miwani puani, akajitia fundi. Kutu aliitoa kwa msasa laini na mafuta ya cherehani, na hapo hakukosea. Chuma kilianza kung'aa, naye akaanza kupiga mluzi. Kisha akalilowesha jiwe la kunolea. Akauinua mgongo wa wembe kidogo, kama anavyonoa kisu cha jikoni kila mwenye akili zake, akasugua kwa nguvu, mbele na nyuma. Dirishani mkewe alikuwa akimenya vitunguu. Mikono yake ikasita. Injinia alimwona, akaidharau hofu yake.

Wembe ulikata karatasi. Akafurahi, akajipaka povu ili aujaribu kwanza mwenyewe. Ukang'ang'ania ndevu, ukaruka, ukamchana kidevu.

Mzee alisikia matusi, akafungua mlango wa chumba kwa mara ya kwanza wiki nzima. Akauchukua wembe, akaugeuza mwangani. Mikono ilitetemeka, macho hayakutetemeka hata kidogo.

"Umenoa kisu cha nyama, Injinia," akasema. "Wembe unalazwa jiweni, mgongo na makali pamoja. Wewe umeuinua, ukajifanya unajua kuliko aliyeutengeneza."

"Basi nielekeze, Mzee."

"Nikuelekeze nini, na mwenye kujua unalala naye kitanda kimoja?"

Mkewe alikuwa ameshatoka jikoni, anafuta mikono. Akaketi penye jiwe. Akaulaza wembe bapa, akausukuma, akaugeuza, akaurudisha, mkono mwepesi usiobonyeza. Sauti ya jiwe ikabadilika. Injinia, aliyezoea kusikiliza mashine, aliisikia tofauti hiyo vizuri mno. Ilipokaribia adhuhuri mkewe akanyoosha mkono.

"Nipe mkanda wako."

Injinia akauvua, akabaki ameshika suruali isimwanguke, huku mkewe akiupitisha wembe juu ya ngozi ile, kwenda na kurudi, kuyalainisha makali.

"Ulijifunza lini?"

"Nilimnolea baba tangu darasa la tatu mpaka ulipokuja kunioa. Ukasema kazi hiyo isitajwe nyumbani kwako. Sikuitaja."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Injinia angepata la kujibu. Akaona haya, haya ya kweli inayopanda mpaka masikioni. Aliyemdharau miaka yote hakuwa mzee peke yake.

Mkewe alimnyoa baba yake pale pale uani. Ndevu zilidondoka kimya, uso ukatokea kidogo kidogo, na mzee alikuwa amefumba macho kama mtu aliyerudi kwake. Ilipokwisha alipapasa mashavu, akainuka, akaikung'uta taulo.

"Anayefuata!" akaita, kwa sauti ya mtu mwenye foleni mlangoni.

Uani hapakuwa na mwingine. Povu lilikuwa limemkaukia Injinia shavuni, damu imeganda kidevuni. Mkewe alisimama nyuma ya kiti, wembe mkononi, akimtazama bila kutabasamu.

Injinia akaenda, suruali mkononi, akaketi, akainua kidevu.