Mama Mdogo wa Chuma

Vumbi kwanza. Vumbi katika mwali wa jua unaopenya dirishani kila asubuhi na kujilaza juu ya meza ya baba. Linapanda, linashuka, linazunguka bila haraka, kama wageni waliofika mapema na hawajaonyeshwa pa kukaa. Na chini ya mwali huo, wewe, Mama Mdogo, umenyamaza.

Apitaye na kuchungulia ataona kompyuta kuukuu tu: sanduku la bati sakafuni, rangi ya maziwa yaliyolala, kioo chenye kisogo kirefu juu ya meza, kibodi ambayo herufi A imefutika kwa kuguswa. Lakini humu ndani una cheo, na mama ndiye aliyekupa. Alimwona baba anakaa nawe asubuhi hadi jioni, anakugusa kwa kidole, anacheka peke yake, naye akashika kiuno: "Haya, nimeletewa mke mwenza, na ruhusa sikuombwa." Sisi watoto tukamalizia ukoo. Mke mwenza wa mama ni nani kwetu, kama si mama mdogo? Shikamoo, Mama Mdogo, tukakuamkia kila tulipoingia, nawe ukaitikia kwa kuunguruma.

Baba alikuwa mnadi. Sauti yake iliuza makabati, baiskeli, cherehani, vitanda vya watu waliohama. Ilitoka uwanja wa mnada ikafika barabarani, ikawageuza shingo waliokuwa wanakwenda zao. Siku moja akakunadi wewe, uliyetolewa ofisini baada ya kuchakaa. Alikusifu mpaka koo likakauka. Hakuna aliyeinua mkono. Basi akainua wake mwenyewe. "Siwezi kumsifu kiumbe vile," alimwambia mama, "halafu nikamwacha juani."

Kisha kiharusi kikaja kikabeba sauti. Kikabeba mkono na mguu wa kulia, na nusu ya tabasamu. Kikatuachia macho, na mkono wa kushoto wenye kidole kimoja kinachosikia amri. Na kidole kile, baada ya kununa kwa muda mrefu, kikakufikia wewe.

Aliandika kwa herufi kubwa zote, maana mnadi hajui kunong'ona. CHAI IMEPOA. NANI KAACHA MLANGO WAZI. MWAMBIE MAMA YAKO KILEMBA KIMEMKAA. Mama akisoma hiyo ya mwisho hujifanya hakuiona, kisha hupita tena mbele ya meza, polepole, kilemba mbele.

Sema, Mama Mdogo. Sema, ili baba aseme.

Maradhi yako yalianza kwa kuzimika katikati ya maneno. Baba anaandika NJOO UONE, nawe unazimika kabla hajasema tuone nini. Tunakuwasha, unazimika. Tunakubembeleza, unazimika. Hata asubuhi moja feni ikazunguka, kioo hakikuwaka, na tumboni mwako ukatoka mlio, piii, piii, piii, mrefu na mkavu, kama mtoto aliyelia hadi akasahau analilia nini. Baba aliketi mbele ya kioo cheusi mpaka adhuhuri. Kisha akasukuma kiti chake cha magurudumu kwa mguu wake mzima, akaelekea ukutani. Akabaki hivyo. Chakula kikaja kikarudi.

Kompyuta nyingine ilikuwa mbali na mfuko wetu. Kalamu, katika mkono ule wa kushoto, ilikwenda kama kuku aliyekanyaga majivu. Dada akaleta simu yake. Lakini kidole cha baba hutetemeka, na kioo cha simu hakimsubiri anayetetemeka. Alitafuta neno moja, ikatoka njjjkkkaaa. Shemeji, katika kutuchangamsha, akasema, "Hapo baba mkwe amekohoa tu." Hakuna aliyecheka. Baba aliirudisha simu kwa adabu, kama mtu anavyorudisha kiatu kisichomtosha, akageukia ukuta wake.

Nikamwita fundi wa mtaani. Akainama, akapuliza, akapiga chafya.

"Kijana, hii ipeleke makumbusho, watakupa na cheti."

"Ifungue kwanza."

"Nifungue nini? Vipuri vyake vilitangulia mbele ya haki."

Mimi ni mtu wa kuwaka. Damu yangu haipigi hodi. "Basi niazime bisibisi."

"Tangu lini wewe ni fundi?"

"Mimi si fundi," nikamwambia. "Mimi ni mtoto wa nyumba hii."

Akaniangalia, akanipa bisibisi, akaondoka huku anatikisa kichwa.

Nikakulaza ubavu, Mama Mdogo, taratibu, kama wanavyomgeuza mgonjwa kitandani. Nikachomoa nyaya moja moja na kuzirudisha moja moja, nikikuuliza kwa vidole: hapa panauma? Na hapa? Nilikuwa nimesoma kwamba kompyuta isiyoiona kumbukumbu yake hulia mlio ule mrefu. Nikakitafuta kile kibao chembamba cha kumbukumbu, nikakikuta kimesimama kwenye mfereji wake, meno yake ya dhahabu yamepata ukungu. Nikayasugua kwa kifutio cha penseli mpaka yakatabasamu. Nikakirudisha, nikakikandamiza, kikaitika: tik.

Nikawasha. Ukalia mara moja tu, kifupi, kama mtu anayejibu "naam". Kioo kikapata nuru.

Mama akapiga kigelegele jikoni. Kiti cha baba kikageuka. Kidole kikasogea, kikatafuta herufi, kikaipata, kikatafuta nyingine. M. A. S. I. Ukazimika.

Baba hakukasirika. Laiti angekasirika! Alikiweka kidole chake juu ya goti, kama mtu anayeweka chini mzigo usio wake, akageuza kiti.

Sema, Mama Mdogo. Kwa hisani yako, sema, ili baba aseme.

Nikaweka kiganja ubavuni mwako. Moto. Moto wa paji la mtoto mwenye homa. Nikazinduka: basi si kwamba hutaki, huwezi! Mtu akihema hawezi kusimulia. Nikakufungua tena, safari hii hadi kifuani, pale feni ndogo inapoupepea ubongo wako. Nikang'oa feni ile, nikaiinua kwenye mwanga.

Nilitegemea vumbi. Vumbi lilikuwepo, lakini vumbi halina rangi tatu. Katikati ya mapanga ya feni, katikati ya mbavu za bati zinazopaswa kupitisha hewa, kulikuwa na nyuzi. Nyeupe, nyekundu na kijani, zimeshikana zikawa blanketi dogo, nene, laini. Nikazivuta kwa kibanio cha nyusi cha dada, zikaja, zikaja, zikajaa kiganjani. Nami rangi hizo nilizijua.

Mama alikufumia kitambaa, Mama Mdogo. Alikifuma kwa mkono wake, sufu ya rangi tatu, pindo la maua. Alikufunika ulipozimwa, akakufunika na ulipowashwa, maana, alisema, vumbi halina likizo. Na kisogoni mwa sanduku, kwenye matundu ya kupumulia, alichomeka kipande kingine, mjusi asije akaingia. Kila asubuhi alikitoa, akakikung'uta, akakirudisha, akizibana pembe zake chini, vile alivyotubana sisi na shuka tulipokuwa wadogo.

Hasira ilikuwa tayari imesimama kooni mwangu, imevaa viatu. Nilikuwa na maneno ya kumpa fundi, maneno ya kumpa shemeji, maneno ya kuupa ulimwengu mzima unaotupa vitu vikiwa bado vinapumua. Nikageuka, na aliyekuwa nyuma yangu ni mama, na macho yake yalikuwa kwenye kiganja changu.

"Hizo nyuzi ni zangu," alisema.

Maneno yangu yote yakavua viatu.

"Mama, chuma nacho hupumua."

"Nilitaka adumu." Akazichukua nyuzi zile kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota nywele begani kwa mwenziwe. Akazitazama sana. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, isiyo na mikono kiunoni: "Kwa hiyo ni mimi niliyemfunga mume wangu mdomo."

Nikaweka feni chini, nikamshika bega.

"Usimwambie baba yako," akanong'ona, akarudi jikoni.

Nikaenda kwa fundi, nikamweleza joto, na dawa niliyoikuta chini ya feni, imekauka juu ya ubongo wako kama uji ulioachwa sufuriani. Hakucheka. Akafungua droo, akanirushia kifuko. "Krimu ya kupozea. Paka kiasi cha punje ya mchele, usimpake kama mkate. Na bisibisi yangu nirudishie, bwana makumbusho."

Nikapaka punje moja. Nikaisafisha feni panga kwa panga, nikaitia tone la mafuta ya cherehani, nikaizungusha kwa kidole, ikazunguka hata nilipoiacha. Nikafunga. Matundu ya kisogoni nikayaacha wazi. Kitambaa nikakikunja, nikakiweka juu ya kabati.

Nikawasha.

Ukavuma, Mama Mdogo, kwa pumzi moja ndefu isiyokwaruza. Kioo kikawaka. Baba akageuka nusu, akangoja. Alijua wewe ni wa kuahidi tu. Tukangoja sote, na mama akangoja nyuma ya mlango, nikiiona ncha ya kilemba chake. Pale ulipozoea kuzimika, ukapita. Nikagusa ubavu wako: baridi ya kawaida, baridi ya bati.

Kidole kikaanza.

MAMA YAKO YUKO WAPI

"Yupo mlangoni, baba."

AJE

Mama akaja, akifuta kwenye kanga mikono iliyokuwa mikavu. Akasimama pembeni, asione vizuri, asionwe vizuri. Kidole kikaenda, kikatetemeka, kikarudi, kikabonyeza.

NILIJUA

Mama akanitazama. Nikatikisa kichwa: si mimi.

JOTO NILILISIKIA MGUUNI. TANGU ZAMANI

"Sasa mbona hukusema?" Mama akapaza sauti. "Una kompyuta nzima, unalalamikia chai, hili unanyamaza?"

Kidole kikarudi kwenye herufi. Kikaendelea.

UNAIMBA UKIMFUNIKA. NINGESEMA UNGEACHA

Mama akacheka, na kicheko kikamchuruzikia mashavuni. "Mnadi gani wewe! Unauza sauti yako kwa wimbo wa kufunikia bati?"

BEI ILIKUWA NZURI

Na ile nusu ya tabasamu ikapanda, ikabaki pale.

Mama akavuta kigoda, akaketi kando ya goti la baba, karibu nawe, bega kwa bega, wake wenza wawili. Akaanza kuimba, bila kitambaa, bila kazi yoyote mikononi. Jua lilikuwa limefika mezani. Vumbi likashuka katika mwali wake, likatua juu ya bati lako lililo wazi, juu ya herufi zako, juu ya kidole cha baba kinachopiga mdundo. Na mama, ambaye sijapata kumwona akiliacha vumbi popote, aliliacha litue.