Maboga Yanayojua Kwao

Asubuhi, maua ya maboga yakiwa bado hayajafumba, fundi cherehani alichuma ua dume, akaling'oa petali, akapaka chavua yake ndani ya ua jike. Alifanya hivyo uani msimu mzima, kisha akamwagilia maji ya kusuuzia vyombo. Mumewe, dereva mstaafu, wakati huo alikuwa anakoroma. Baadaye alitoka na kikombe cha chai, akawaambia wapita njia, "Maboga yangu hayo."

Mkewe hakutaka makubwa. Alitaka kumsikia akisema "ya mke wangu", walau mara moja.

Maboga yalipokomaa, dereva aliyagawa: moja kwa kinyozi, moja kwa muuza mkaa, kubwa kuliko yote kwa dada yake. Jioni yakarudi. Yalibingirika kando ya barabara, yakapisha baiskeli, yakajipanga mlangoni pa jiko. Fundi aliyapangusa vumbi, akayaingiza ndani.

Wifi yake alifika nyuma yao akihema, kisu mkononi.

"Wifi, boga lako halina adabu. Nageuka kuchukua chumvi, hilo, limeshakata kona!"

"Pole. Kaa, nikupikie hapa hapa."

"Ila mbona limekuja kwako? Si kaka ndiye mkulima?"

"Muulize mwenyewe."

Wifi akapaza sauti kuelekea sebuleni. "Kaka! Mbegu ulipanda mwezi gani?"

"Ule ule wa siku zote!"

Wanawake wakatazamana, wakaangua kicheko.

Kinyozi na muuza mkaa nao walikuja kuulizia maboga yao, ikabidi wote wale pale. Gauni la mteja likalala kwenye cherehani bila mikono. Fundi alichemsha mengine, mengine akayaponda kwa maziwa, mbegu akazikaanga kwa chumvi.

"Mmeona?" dereva aliwaambia wageni. "Nimeyalea vizuri. Hayalali nje."

"Una mkono wa kilimo, mzee," alisema kinyozi, mdomo umejaa.

Boga pekee lililokuwa bado zima likatoka jikoni, likapita katikati ya miguu ya dereva, likaenda kutulia miguuni pa mkewe. Fundi akangoja, upawa mkononi.

Dereva akalitazama kwa fahari.

"Na heshima linayo," alisema. "Limekwenda kumsalimu mpishi."

Mpishi akaliinua, akalitenga kwa ajili ya mbegu za msimu ujao.

"Limebaki lolote huko?" mumewe aliuliza, akinyoosha sahani.