Ndala Mlangoni pa Mahakama

Mlinzi wa lango la mahakama walimpachika jina la Komeo, naye alilipenda. Akikuambia hupiti, hupiti, hata ulie machozi ya damu.

Asubuhi moja alifika mama mtu mzima, mfuaji wa mashuka hospitalini. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama majini kutwa, na chini alivaa ndala.

"Mama, na ndala huingii. Hapa mahakamani, si sokoni."

"Viatu havinienei, mwanangu. Nimeitwa. Shemeji yangu anataka kunitoa kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu."

"Una kesi namba ngapi?"

"Mimi sina kesi. Nina shida tu."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Komeo akanogewa, akatia chumvi. "Shida peleka nyumbani, mama! Hapa tunapokea kesi."

Yule mama akajichekesha, kama mtu aliyeteleza mbele ya wageni. Akavuta mtandio usoni, akaondoka.

Baadaye karani alitoka koridoni akaita jina la mwanamke, akarudia, akarudia tena. Komeo alisikia, lakini likaingia sikio hili likatokea lile. Haukupita muda, mwanamume mmoja akatoka ukumbini simu ikiwa sikioni, kifua mbele.

"Kwisha kazi! Shemeji mwenyewe hata kufika hakufika. Mwisho wa mwezi anahama."

Komeo akamkumbuka mama wa ndala. Alikuwa bado anatazama mgongo wa yule bwana alipomwona mama anavuka barabara, akiburuta viatu vyeusi vya kiume vinavyompwaya kisiginoni na kumbana vidoleni.

"Fundi viatu wa pale kona kaniazima vya mteja wake," akasema huku akihema, uso umemchangamka. "Sasa nipishe, mwanangu."

Komeo hakuweza kumtazama. Akampeleka mwenyewe hadi ndani. Hakimu alikuwa anakusanya majalada yake mama alipomtajia jina lake.

"Mbona hukuwepo ulipoitwa?"

Mama akamtupia Komeo jicho, kisha akainama. "Nilichelewa, mheshimiwa. Kosa ni langu."

Komeo alisimama mlangoni. Angenyamaza, mambo yangekwisha hapo hapo. Mama mwenyewe alishamfichia aibu. Lakini hilo ndilo lililomshinda kuvumilia.

"Alifika mapema, mheshimiwa," akasema. "Nilimrudisha mimi. Kwa sababu ya ndala."

Hakimu akaweka majalada chini. "Nani aliyekwambia ndala haziingii?"

"Nilimkuta mlinzi wa zamani akifanya hivyo."

"Na wewe umewarudisha wangapi?"

Komeo akaanza kuhesabu moyoni. Akamkumbuka mzee aliyekuwa akiulizia mirathi ya mwanawe, na binti mwenye mtoto mgongoni aliyeshindwa kueleza alichofuata. Hakuwahi kujiuliza walikwenda wapi baada ya pale. Aliwacheka, basi.

Uamuzi ulifutwa, ikapangwa tarehe nyingine. Karani akaagizwa akae na mama, amweleze taratibu aje na nini na aseme nini. Komeo akapewa onyo mbele ya watu wote.

Koridoni mama alimgusa bega. "Usijitese, mwanangu. Hata mimi sikujua kwamba shida yangu ni kesi."

Laiti angemtukana! Tusi angelijibu, au angelimeza. Upole ule hakujua aupeleke wapi. Jioni mkewe alimuuliza mbona hali chakula, akajibu kwamba jua la leo lilikuwa kali.

Kesi iliposikilizwa upya, shemeji alishindwa, na mama akabaki na nyumba yake. Siku hiyo alitoka akicheka, akampungia Komeo mkono kwa mbali na kumwita mwanangu mbele ya watu. Komeo akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta funguo mfukoni mpaka mama alipopita.