Baffle za Papa Nizeyimana

Kila Dimanche kisha misa, bibi yangu Mukandayisenga, mama wa watoto wangu, alipitiliza mupaka kwa jirani yetu wa hapa Nyamitaba, Papa Nizeyimana, kusikiliza miziki. Ampli zetu mbili za lampi, mashini za zamani za kukuza sauti, zilikuwa mapacha, lakini yake iliimba, yangu ilinong'ona tu. Wivu ulinikondesha mupaka kuku wakanihurumia.

Siri niliijua: ampli ya zamani iko na nguvu kidogo, inataka baffle, sanduku la kutolea sauti, yenye karatasi nyepesi ndani. Zake zilitikisika hata ukipumua. Zangu, hata radi haikuzitikisa.

"Papa Nizeyimana," nikamwambia, "muntu wa heshima kama wewe anastahili baffle nzito. Tubadilishane."

Akakubali, tena akashukuru. Dimanche iliyofuata, kwake miziki ikawa kama inzi ndani ya chupa. Kwangu kilima kizima kikacheza, ng'ombe wakasahau majani.

Bibi akarudi mbio, akasimama mulangoni, akasikiliza.

"Hii njo sauti ya kwa Papa Nizeyimana! Masikini, sasa yeye atasikiliza nini?"

Akaenda kumwita. Tangu siku ile, kila Dimanche Nizeyimana anaketi mu kiti changu, na bibi anamuuliza kama sukari ya chai inatosha.