Jiwe la Loisi

Kidato cha tatu walikuwa wanabembeza jiwe kwenye uzi ili wapime mvutano wa dunia. Wote waliandika 9.8, kama kitabu kisemavyo. Loisi peke yake alipata 8.8.

“Wewe nawe! Pika jibu, twende tukale ugali,” wenzake wakamcheka.

Hakubanduka. Akabembeza tena na tena, akipima muda kwa saa, 8.8 ileile. Ndipo alipong'amua: alipima uzi hadi kwenye fundo, akalisahau jiwe lenyewe. Akapima hadi katikati ya jiwe, akapiga hesabu upya: 9.7.

Mwalimu Zablon akapekua madaftari yote, kisha akawageukia wale wa 9.8.

“Saa ya kupimia ni moja tu, na tangu asubuhi anayo Loisi. Ninyi mmepima na nini?”